Nyambizi Kwenye Baraza la Seremala

Tabora haina bahari. Naanza na hilo ili mgeni asihangaike kuitafuta. Maji mengi tuliyo nayo karibu na mji ni bwawa la Igombe, na humo nyambizi ingekwama kwenye tope kabla nahodha hajamaliza kufunga mlango. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa, swali lililopigiwa kelele kuliko mpira, kuliko bei ya tumbaku na kuliko ndoa ya jirani yetu wa kushoto, pale barazani kwa baba yangu, mtaa wa Ng'ambo, lilikuwa hili: je, nchi ya kadiri, isiyo kubwa wala ndogo, ina haja ya kujiingiza kwenye manowari zinazoendeshwa kwa nyuklia?

Nchi yenyewe haikuwa yetu. Hilo nalo liwe wazi. Sisi tulikuwa tunawajadilia wengine bila kuombwa.

Lilianza redioni. Baba ni seremala, na redio yake hukaa kwenye rafu moja na gundi na misumari, imejaa vumbi la mninga mpaka sauti ya mtangazaji hutoka kama ana mafua. Siku hiyo ilitangazwa kwamba nchi fulani ya mbali, ya kadiri, inataka kuwa na nyambizi za nyuklia. Mgeni wa baba aliyekuwa amekaa kwenye benchi akapiga makofi. Baba akasema huo ni upuuzi. Ndiyo basi. Kuanzia hapo amani ilitoweka barazani, na mimi niliyekuwa nimerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam kumtunza baba baada ya mama kufariki, na kuandika vitabu vyangu kwa utulivu, utulivu huo niliusikia kwa watu tu.

Huyo mgeni alikuwa mtani wa baba. Alikuwa Mgogo, mwanamaji mstaafu, ambaye maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye vyumba vya injini za meli za jeshi. Alioa mwanamke wa Uyui, na alipostaafu mkewe akamvuta hadi Isikizya walime mahindi na karanga. Shamba halikumkaa. Karibu kila asubuhi alidandia basi kuja mjini, akanyoosha moja kwa moja hadi Ng'ambo, akakaa kwenye benchi la baba, akaanza kukashifu kila kitanda na kila mlango uliotengenezwa pale.

Asiyejua utani angedhani wale wazee wanachukiana. Baba ni Mnyamwezi. Babu zake walikuwa wapagazi waliopita na mizigo njia ile ya zamani ya misafara kwenda pwani, na katikati ya njia kulikuwa na Ugogo. Kule visima vilikuwa vya Wagogo, na msafara usiotoa hongo, yaani ushuru wa njia, haukunywa wala haukupita. Waligombana weee, wakapigana, mwisho wakachoka wakaanza kutaniana, na wajukuu tumerithi matusi bila kurithi ugomvi. Sheria ya utani ni nyepesi kusema na ngumu kuishika: mtani wako atasema atakalo na atachukua atakacho, na wewe hukasiriki. Akivaa kofia yako, kofia imekwenda. Akikwambia umezeeka vibaya mbele ya wakwe zako, unacheka. Ukikasirika umeaibika wewe, umewaaibisha na waliokuzaa.

Mimi alikuwa ananiita mke wake tangu sijaota meno, enzi alipokuwa akija likizo ukweni. Hata nilipokuwa mtu mzima mwenye miwani na nyumba ya kupanga Dar, nikimwamkia shikamoo, ataitikia, "Marahaba, mke mdogo. Umenipikia nini?" Na mke wake halisi, mama mpole wa Kimoraviani asiye na makuu, aliniita mke mwenza bila hata kutabasamu, kama jambo lililokwisha kuandikishwa serikalini.

"Mbukwa!" baba alikuwa anamsalimia hivyo akimwona anakuja kwa mbali, kwa Kigogo kibovu cha makusudi. "Umefika, mla mlenda? Leo nyambizi yako imepaki wapi?"

"Imepaki chini ya kitanda ulichomtengenezea imamu. Ndiyo maana kinayumba."

Kisha mada inaanza.

Lazima nikiri kwamba mwanzoni mtani alikuwa na hoja nzito. "Nyambizi ya dizeli," alieleza, mikono ikichora hewani, "chini ya maji inaishi kwa betri. Betri ikipungua lazima ipande karibu na juu, ivute hewa, iwashe injini. Ikipanda, adui ameiona. Ya nyuklia haina shida hiyo. Inakaa chini miezi, mpaka chakula cha mabaharia kiishe. Inakwenda mbali, inakwenda kasi, na hakuna anayejua iko wapi."

"Na ikiishiwa mafuta?" baba aliuliza.

"Haiishiwi leo wala kesho. Kinu chake kinafanya kazi miaka na miaka."

"Na hiyo miaka na miaka ikiisha? Majivu yake utayamwaga wapi? Isikizya, kwenye karanga zako?"

Mtani akakohoa. Baba akawageukia waliokuwepo. "Mmemsikia? Amekohoa. Jeshi zima limekohoa."

Waliokuwepo walikuwa muuza kahawa na wateja wake, mafundi cherehani wawili watatu, na yeyote aliyekuja kuulizia kabati lake lililochelewa. Kila mara palikuwa na mmoja aliyedhani nyuklia ni bomu tu, naye mtani alikuwa anamkatiza kwa uchovu wa mwalimu. "Hii ni injini, bwana. Inachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo, meli inakwenda. Ni birika la chai, ila kuni zake haziishi haraka." Mtu huyo aliridhika, akanywa kahawa yake, na siku ya pili akauliza tena kuhusu bomu.

Baba naye si mtu wa kubeza. Amesoma mpaka darasa la nane la zamani na anasikiliza redio kama mtu anayelipwa. Bahari aliiona mara moja tu maishani, akasema maji mengi kiasi kile ni uzembe wa mtu fulani. Hoja yake kubwa ilikuwa ya kiseremala.

"Mimi nikikutengenezea mlango, tukakosana, utamwita seremala mwingine aje arekebishe komeo. Nchi ya kadiri ikichukua kinu kwa mkubwa, wakakosana, itamwita nani? Itakuwa na nyambizi yake na ruhusa ya mwenzake. Ya nini? Inunue za dizeli, nyingi, inazoweza kuzifungua na kuzifunga yenyewe, ilinde ufuko wake na samaki wake."

"Ndiyo maana inatakiwa ijifunze kutengeneza yenyewe," mtani alijibu. "Ikijifunza inapata wahandisi, inapata watu wanaojua mionzi hata ya kutibia wagonjwa. Na bahari yake ni pana, si bwawa la Igombe. Wakubwa wakija kuvua na kupita watakavyo, itawafukuza na nini? Na mtumbwi?"

"Basi ijifunze ya kutibia wagonjwa kwanza. Nyambizi ifuate."

"Ukisubiri wagonjwa waishe hutajenga hata choo."

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Chumba changu cha kuandikia kina dirisha linaloangalia baraza. Siku moja nilitoka na kalamu mkononi nikawaambia kwamba mimi nina kazi, kwamba wao wote wawili hawana hata ngalawa, na kwamba nchi hiyo ya kadiri haitawapigia simu. Baba akamtazama mtani, mtani akamtazama baba, wakakubaliana kwa mara ya kwanza tangu mada ianze: nikafanywa mwamuzi. Nikaletewa stuli. Kitabu changu cha mwaka ule hakikuisha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Siku moja mtani aliondoka na viatu vya baba. Alivua vyake mlangoni alipoingia kula, akatoka akavaa vya baba, vikubwa, akaenda zake stendi akiburuza. Tulicheka mpaka muuza kahawa akamwaga kashata. Huo ndio utani hasa, watu wakasema, mzee bado yumo. Baba akashinda na ndala, akijigamba kwamba ameibiwa na mtu mwenye heshima.

Wiki iliyofuata alikula kwetu ugali na mlenda nilioupika kwa ajili yake, akanawa, akakaa benchini, akaniita. "Mke mdogo, leo mmepanga kuniua na njaa?" Nilicheka, nikampa tena. Akala tena, kwa hamu ile ile. Watani ndivyo walivyo; wakija msibani watakula chakula cha wafiwa na kusema hakina chumvi.

Halafu ikawa ya Igunga. Jioni moja alipanda basi kurudi Isikizya, na Isikizya si mbali, kondakta hata hajamaliza kukusanya nauli. Hakushuka. Alipita Isikizya, akapita Nzega, akaenda kushukia Igunga na mfuko wake wa mkate, akakaa stendi katikati ya malori ya mpunga mpaka kijana wa pale akapiga simu kwa namba ya mwisho iliyokuwa kwenye simu yake, ambayo ilikuwa ya baba. Alirudishwa kesho yake. Barazani zilikuwa sherehe.

"Alikuwa anakwenda kwao kukusanya hongo!" mmoja wa mafundi cherehani alisema.

"Amesikia msafara unapita," mwingine akadakia.

Mtani mwenyewe alicheka kuliko wote. Alikuwa na kicheko kizuri, cha tumboni, na kicheko hicho ndicho kilichotudanganya. Kwingine kokote, mzee akivaa viatu vya mtu, akidai hajala na ameshakula, akipita kwake bila kupajua, watu watashtuka na kumpeleka hospitali. Sisi tulimpa alama.

Ndipo siku moja kuhusu nyambizi akasema hivi: "Kwa kweli nchi ya kadiri haina sababu. Ikichukua kinu kwa mkubwa wakakosana, itamwita nani kurekebisha? Inunue za dizeli."

Baba aliweka msumeno chini, akaja katikati ya barabara, akanyanyua mikono yote miwili. "Nimeshinda! Mashahidi ninyi! Mgogo amesalimu amri!" Akawanunulia watu wote kahawa, hata wapita njia, hata mtu mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli mbovu na hakujua anapongezwa kwa lipi. Nami kama mwamuzi nilitangaza rasmi kwamba mada imefungwa, nikarudi chumbani kuandika, nikamshukuru Mungu.

Kumbe ushindi una kesho yake. Asubuhi baba alikuwa na hamu ya mada kama kawaida, akatupa chambo. Mtani akasema yale yale: dizeli, kinu, seremala mwingine. Siku iliyofuata vile vile, na kwa ufundi zaidi, na mfano wa mlango na komeo ukiwemo, neno kwa neno, kana kwamba ni wake tangu kuzaliwa. Baba alijaribu kumpinga akajikuta anajipinga mwenyewe. Watu wakaanza kucheka, na safari hii walikuwa wanamcheka baba. Mgogo amekunyang'anya hadi maneno, wakamwambia. Viatu havikumtosha.

Na baba, mtu wa miaka yake yote ile ya utani, akakasirika. Hakukasirika kwa mchezo. Nilimwona kwa dirisha akitupa randa kando.

"Nenda kwako," alimwambia. "Ukipata akili yako mwenyewe urudi. Umenichosha."

Mtani alimtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini kwenye nyumba asiyoijua. Akachukua mfuko wake akaondoka, na hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alimeza kahawa yake akasema polepole, "Fundi, umekasirika kweli." Kwa lugha ya watani hakuna shutuma kubwa kuliko hiyo.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Baba alipiga randa kwa fujo, akamkoromea kila mteja, akasema amepumzika, akasema ni raha kweli kufanya kazi bila kelele. Alisema hivyo mara nyingi mno. Kuomba radhi kwa mtani hakuwezekani, kwa sababu hakuna namna yake. Utani haukuandaliwa kwa ajili ya mtu kuombana radhi. Nilimwambia apande basi aende Isikizya. Akaniuliza kama nimemaliza kitabu.

Aliyekuja ni mke wa mtani. Alipita baraza bila kusalimiana sana, akaja hadi jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, akafungua upindo wa kanga akaufunga tena.

"Mke mwenzangu," aliniambia, "nije nikuulize bila kuficha. Hii michezo mliyokuwa mnamfundisha mume wetu, mmemfundisha mpaka wapi?"

Sikumwelewa. Ndipo akaeleza. Nyumbani mzee alikuwa anaweka simu kwenye mtungi. Alikuwa anamwita yeye kwa jina la dada yake marehemu. Alikuwa anatafuta ngazi ya kushukia chumba cha injini, katika nyumba isiyo na ngazi. Mama wa watu alijua mumewe anashinda kwa watani, akadhani ni vituko vya huko amevizoea anavileta nyumbani, akavumilia, mara nyingine akacheka. Sisi nasi tulidhani ni utani wetu tu. Kila nyumba ilikuwa inaishukuru nyingine kwa kumchangamsha mzee, na katikati yetu mzee alikuwa anapotea kidogo kidogo huku tunampigia makofi.

"Daktari amempima," alisema. "Ni ubongo unasahau. Amesema hautarudi ulikotoka. Amesema azoee kuongea na watu, asikae kimya, akikaa kimya utakwenda haraka." Akajifuta uso kwa upindo ule ule. "Sasa haongei. Asubuhi anaoga, anavaa viatu, anakaa mlangoni. Namuuliza unakwenda wapi, hajui. Lakini viatu havui mpaka jua lizame."

Niligeuka nikamwona baba amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika kipande cha ubao. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, na nilijikasirikia mimi na ile stuli yangu ya mwamuzi, yote kwa pamoja.

"Mlete kesho," baba alisema mwishowe. "Mlete wewe mwenyewe, kwa basi. Mwambie Mnyamwezi ana matusi yamelundikana."

Walikuja. Mtani alikuwa amekonda, amevaa vizuri, ametangulia mbele ya mkewe kama mtoto aliyepelekwa kuandikishwa shule. Baba alimpigia "Mbukwa!" ya nguvu, akaitikia kwa heshima ya mtu anayemsalimia mgeni. Akakaa benchini. Baba akaona arudishe mambo palepale yalipokuwa, akaanza na msimamo wake wa siku zote: nchi ya kadiri iachane na nyuklia, ikae na dizeli.

"Kweli kabisa," mtani alisema.

"Haitakuwa na mafundi wa kukirekebisha hicho kinu."

"Kweli kabisa."

Na akanyamaza, akatazama viatu vyake. Kukubaliana kulikuwa kunammaliza. Niliona baba anahangaika. Alichukua futi akapima ubao, akaupima tena, akasahau kipimo. Watu wa kahawa walikuwa wanatazama pembeni. Mkewe alikuwa ameshaanza kukusanya mfuko wake.

Baba akatupa futi mezani.

"Mimi nimebadilika," alisema kwa sauti ya kuwaita watu. "Nimefikiri. Nchi ya kadiri ichukue nyuklia! Tena si moja. Ichukue nyambizi, ichukue na meli za juu, zote za nyuklia, na mitumbwi ikiwezekana!"

Mtani akanyanyua kichwa. Polepole, kama anasikia jina lake likiitwa kutoka mtaa wa pili. "Wewe Mnyamwezi," alisema, "una wazimu?"

"Wazimu ni wa kwenu. Dizeli inavuta betri, betri ikiisha inapanda juu, ikipanda imeonekana. Hilo hulijui?"

"Nalijua kabla babako hajabeba mzigo wake wa kwanza! Lakini kinu kikiharibika utamwita nani? Eh? Utamwita nani wewe, utapigilia misumari?"

Walikwenda hivyo mpaka adhuhuri. Baba alitoa kila hoja aliyowahi kurushiwa kwenye benchi lile: upana wa bahari, kukaa chini miezi, wahandisi, mionzi ya kutibia wagonjwa, heshima mbele ya wakubwa. Aliitoa kila moja kwa mpangilio na kwa nguvu kuliko mtani alivyowahi kuitoa, na ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile, huku akipiga nyundo na kuzomea, alikuwa anasikiliza kila neno. Mtani naye alizibomoa kwa hoja za baba, na moja akaitoa kichwani mwake mwenyewe, ya baharini, ambayo sikuwahi kuisikia.

"Umepata moja, ukafurahi," alisema akimnyooshea baba kidole. "Moja si kitu! Ikiingia gereji bahari iko wazi. Ukiwa na mbili, moja iko gereji na ya pili inafundisha vijana. Ya kulinda ni ya tatu. Nchi ya kadiri ina tatu? Ina vijana wa kukaa humo ndani? Kijana anayejua kinu anachukuliwa na kampuni za umeme kesho yake asubuhi!"

Niwe mkweli kama mwamuzi: hoja hiyo ndiyo iliyonifanya nikate shauri. Tangu siku ile naamini nchi ya kadiri iache kwanza, ijenge mafundi wake, na swali ilirudie watoto wake wakishajua kufungua na kufunga kinu wao wenyewe. Lakini mimi si serikali ya mtu.

Watu wa kahawa, wasiojua kitu, walimvamia baba. Kigeugeu, walimwita. Umenunuliwa na wakubwa. Juzi juzi ulitunywesha kahawa ya ushindi, leo umehamia kwa uliyemshinda? Baba anaipenda sifa ya msimamo kuliko sala ya Ijumaa, Mungu amsamehe, na kila neno lilikuwa linamwingia. Nilinyanyuka kwenye stuli niwaeleze, niwachane mmoja baada ya mwingine. Baba alinishika mkono akanivuta hadi nyuma ya mbao.

"Ukiwaambia watamwonea huruma," alininong'oneza. "Wakimwonea huruma hawatamtania. Nyamaza, kaa kwenye stuli yako."

Nikakaa. Nikatangaza kwamba mtani ameshinda, kwa wingi wa hoja na wa kelele. Alisimama akapokea pongezi akitabasamu, akatoa mkono kwa muuza kahawa, kwa mafundi cherehani, na kwa baba, na aliposhika mkono wa baba alimwambia kwa upole kwamba hajambo, ila asome zaidi.

Sasa ndiyo imekuwa kazi. Kila siku mkewe anamleta, na kila siku baba anasimama upande usio wake, anapigwa, anazomewa na mtaa mzima. Jioni ananituma nimtafutie kwenye simu habari mpya za hao wanaopenda nyuklia, apate cha kusema kesho. Anashindwa vibaya na analala vizuri.

Juzi mada ilichacha kuliko siku zote. Walitukana ukoo kwa ukoo, mpaka mama mmoja aliyekuja kuchukua meza akaziba masikio ya mjukuu wake. Walipokuwa wanaondoka, mtani alisimama hatua chache kutoka barazani, akamshika mkewe bega.

"Yule fundi ni nani?" alimuuliza, kwa sauti ya kiziwi, tukasikia wote.

Mkewe alitutazama. "Humjui?"

"Jina limenitoka. Uso nao siukumbuki vizuri." Alifikiri kidogo. "Ila ni mtani wangu yule. Amenitukana tangu asubuhi na roho yangu ni nyeupe."

Hapo ndipo wote walipojua, na hakuna aliyethubutu kumtazama baba. Baba alisimama na randa mkononi. Akapaza sauti mpaka wauza mitumba wa ng'ambo ya barabara wakageuka.

"We Mgogo! Kesho njoo mapema! Leo nimekutukana nusu tu!"

Sauti ilimkatika kwenye ile nusu. Mafundi cherehani wakaimalizia kwa ajili yake, wote kwa pamoja, wakimzomea mtani kwa matusi makubwa makubwa mpaka alipokata kona ya stendi, na kicheko chake cha tumboni tulikisikia hata alipokuwa haonekani tena.